Kabla hawajaipiga Windows, toa daftari lako kwanza

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo nimeacha mbegu na mbolea. Nazungumzia kompyuta ile kuukuu ya kikundi chenu, iliyofunikwa kitambaa pale ofisini, na neno moja linalotumaliza: "Ipigwe Windows."

Kompyuta ikiwa nzito, ipigwe Windows. Ikiingiwa na virusi, ipigwe Windows. Umeme ukikatika ghafla na asubuhi ikagoma kufunguka, jibu ni lile lile. Huyo ni sawa na mtu anayeona jani moja la mchikichi limenyauka, akachukua shoka akaangusha shamba zima. Kisha anakudai elfu kadhaa, na wewe unamshukuru.

Elewa kinachofanyika. Kompyuta nyingi huweka mafaili yako kwenye sehemu ile ile ya diski iliyo na Windows. Fundi akifomati sehemu hiyo ili aweke Windows mpya, anafuta na orodha ya wanachama, hesabu za hisa na daftari la madeni. Ulipeleka ng'ombe akatibiwe kwato, umerudishiwa ngozi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama anayenunua dagaa Kibirizi na kuwakabidhi wenzake kwa mali kauli, atawadaije ikiwa majina yamefutika? Mkulima wa kahawa wa Buhigwe aliyepeleka kilo 300 kwenye chama, atathibitishaje kwamba hazikuwa 200? Atabaki kuapa, na anayeapa mbele ya mwenye kalamu hashindi.

Na niseme lisilopendwa kusemwa. Wapo viongozi wa vikundi ambao kompyuta "ikifa" wiki moja kabla ya mkutano mkuu wao hupumua. Hesabu ziko wapi? Zilikuwa kwenye kompyuta. Kompyuta iko wapi? Ilipigwa Windows. Mkutano unafungwa kwa sala. Mkaguzi wa COASCO akija anakuta mezani mashine safi kama sahani iliyooshwa. Ndugu mwanachama, ukikubali jibu hilo mara moja, mwakani utalisikia tena.

Diski ya kuwashia kazi yake ya kwanza ni kuokoa

Watu wengi wanajua diski ya kuwashia, iwe CD, DVD au flashi, kama kitu cha kufomatia tu. Sivyo. Kompyuta inaweza kuwaka kwa kutumia mfumo uliomo ndani ya flashi, bila kugusa diski yake ya ndani. Windows inaweza kuwa imeharibika kabisa na mafaili yako yakawa salama. Mlango umegoma, lakini gunia limo ndani. Unaingia kwa dirishani, unatoa gunia, ndipo unavunja mlango.

Fanya hivi:

1. Tafuta flashi mbili. Ya kwanza ya GB 8 au zaidi, ya kuwashia. Chochote kilichomo kitafutika. Ya pili ni ya kuhifadhia mafaili.

2. Kwenye kompyuta nzima, ya mwalimu au ya ofisi ya kata kwa ruhusa, pakua vitu viwili: Linux Mint toleo la Xfce kutoka linuxmint.com, na programu ndogo ya Rufus kutoka rufus.ie. Vyote ni bure. Faili la Mint ni kubwa, karibu GB 3, kwa hiyo jipange na bando.

3. Chomeka flashi ya kwanza na ufungue Rufus. Hakikisha iliyochaguliwa juu ni flashi yako, uitambue kwa ukubwa wake. Chagua faili la Mint, bonyeza START, subiri imalize. Kunakili faili kwenye flashi kwa mkono, kama unavyonakili wimbo, hakutoshi. Kompyuta haitawaka nayo.

4. Zima kompyuta mbovu, chomeka flashi, iwashe huku ukigonga F12 mfululizo. Dell na Lenovo nyingi hutumia hiyo. Kwa HP nyingi gonga Esc, kisha F9. Itatokea orodha, chagua mstari wa USB. Kama mashine ni ya zamani mno na haiwaki kwa flashi, choma faili hilo hilo kwenye DVD ya GB 4.7. CD ya MB 700 haitoshi.

5. Mint ikifunguka, usiguse alama ya "Install". Fungua folda, utaiona diski ya zamani upande wa kushoto. Ingia "Users", kisha jina la mtumiaji, kisha "Desktop" na "Documents". Nakili vyote kwenye flashi ya pili.

6. Peleka flashi ya pili kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili moja moja. Usiridhike na kuona jina la faili. Kisha tengeneza nakala ya pili. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, nyumba mbili tofauti. Nyumba moja ikiungua, daftari lipo.

Tahadhari tatu. Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, zima na usiendelee, kwani imeanza kufa na kila dakika inaimaliza. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker, imefungwa makusudi. Ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeifungua kompyuta mara ya kwanza. Na kama imeshafomatiwa, izime mara moja na usiandike kitu kingine. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, mafaili mara nyingi bado yapo mpaka yaandikwe juu yake, na mtaalamu anaweza kuyatoa. Kwenye diski mpya za SSD matumaini ni madogo.

Sasa unaweza kufomati

Daftari likiwa salama, fomati utakavyo. Lakini usiwekewe Windows ya wizi. Programu nyingi za kuifungua Windows bila leseni hukuambia kwanza uzime kinga ya virusi. Mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia, unamjua anakuja na nini. Na wewe kwenye kompyuta hiyo hiyo unafungua akaunti ya benki ya kikundi!

Kama mnatumia programu ya hesabu inayoendeshwa na Windows tu, bakini na Windows, ila ipakuliwe kwa Microsoft wenyewe. Kompyuta zilizouzwa na Windows 8 au zaidi huwa na ufunguo wa leseni ndani ya mashine. Ukiweka toleo linalolingana nao, unatambulika bila kuchakachua.

Kumbuka, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Kwa hiyo utaambiwa kompyuta yako imekufa, nunua nyingine. Haijafa. Linux Mint inaanza na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni nzuri zaidi. Inakuja na LibreOffice inayofungua mafaili yenu ya Excel. Flashi ile ile uliyookolea ndiyo utakayosakinishia.

Wanaopinga

Wapo watakaosema nawanyima mafundi riziki. Hapana. Mlipe fundi abadilishe chaji, afute vumbi, aweke kibodi mpya. Fundi mzuri utamjua kwa swali lake la kwanza: "Mafaili yako umeyatoa?" Asiyeuliza, usimwachie mashine.

Wengine watasema haya ni mambo ya wasomi wa mjini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo. Watu wetu walishaifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mtu anayeweza kusoma upepo wa ziwa usiku wa giza akarudi na chombo salama, hashindwi na hatua sita.

Na wapo watakaosema data za kikundi si jambo kubwa. Kwenye mafaili hayo mna majina ya watu, simu zao na namba zao za NIDA. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Basi hata nakala zenu zifungiwe kabatini, zisizunguke mifukoni.

Mbalamwezi inayokuja, mitumbwi ikiwa imepumzika na mwalo umetulia, mwiteni katibu, leteni flashi mbili, kaeni mbele ya ile kompyuta kikundi kizima kikiona. Kisha andikeni kwenye muhtasari wa kikao: hakuna kufomati kabla ya nakala mbili kufunguliwa na kusomwa mbele ya wanachama. Atakayepinga azimio hilo, muulizeni kwa upole anaogopa nini.