Vumbi la Kokoto na Askari wa Mwili

Juma lililopita jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alinijia jioni akiwa na kadi yake ya zahanati. "Mwalimu," akasema (watu wa mtaani bado huniita hivyo, ingawa niliiacha chaki zamani nikahamia ofisini), "nisomee, wameandika nini hapa?" Nikasoma. Kikohozi, juma la tatu. Dawa ya maji, chupa mbili. Kazi: mama wa nyumbani.

Hapo ndipo niliposhtuka. Mama huyu hupasua kokoto. Kwa miaka tisa ameketi machimboni, nyundo mkononi, na mtoto wake wa mwisho alijifunzia kutembea juu ya chungu za mawe. Nilipomwuliza kwa nini hakulieleza jambo hilo, alinijibu kwamba hakuulizwa, na tena hiyo si kazi ya kuajiriwa.

Hapa kwetu Uganda kokoto zimepasuliwa kwa mkono miaka mingi, Kireka na kwingineko, na aghalabu wapasuaji ni akina mama. Wengi wao hudhani kuwa vumbi la mawe ni uchafu tu, ambao mtu huukohoa na kuutema, kisha akanywa maziwa yakamsafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, walakini hayapiti mapafuni.

Mawe mengi magumu, kama vile matale, yana madini yaitwayo silika. Jiwe la chokaa huwa nayo kidogo. Jiwe likipasuliwa hutoa vumbi la namna mbili. Lile tulionalo likitanda nyusoni hunaswa puani na kooni. Lenye madhara ni lile tusiloliona, ambalo punje yake haifikii sehemu 5 za elfu moja za milimita. Hilo hushuka hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu.

Ndani ya vifuko hivyo wamo askari wa mwili, yaani chembe ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kiingiacho. Vijidudu wengi wakimezwa huyeyushwa, na habari zao zikaishia hapo. Silika haiyeyuki. Askari aliyeimeza hupasuka kwa ndani akafa, na punje hutoka ikiwa nzima. Huja askari mwingine akaimeza, naye akafa. Mahali penye mapambano hayo hujenga makovu, pafu likakakamaa, na pumzi ikapungua mwaka hata mwaka. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuyaondoa makovu.

Ubaya hauishii hapo. Askari hao hao ndio waliowekwa kumzuia kijidudu cha kifua kikuu. Watu wengi wanacho kijidudu hicho kikiwa kimelala mwilini, nao hawaugui maadamu ulinzi uko imara. Ulinzi ukidhoofika huamka. Uchunguzi wa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba mwenye silikosisi hupatwa na kifua kikuu mara 3 hivi kuliko mwenzake asiye nayo, na hatari hiyo humfuata hata baada ya kuacha kazi. Akiwa pia na virusi vya Ukimwi, hatari hizo mbili hazijumlishwi, bali huzidishana.

Ajabu nyingine ni kwamba askari waliochokozwa muda mrefu huweza kumgeukia mwenye nyumba. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh alieleza juu ya waashi wa mawe ambao ngozi zao zilikakamaa. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan aliona katika wachimba makaa ya mawe wa Wales kwamba wenye baridi yabisi ya viungo walikuwa na mavimbe ya namna ya pekee mapafuni. Kwa hiyo mpasua mawe aumwaye na viungo asikimbilie kusema kwamba ni uzee.

Sasa tuje nyumbani. Jiwe likilowanishwa kabla ya kupasuliwa, vumbi hupungua sana. Najua maji hununuliwa kwa dumu, na ndiyo maana nalitaja hili kwanza: hata maji yaliyokwisha kufulia yanafaa. Mpasuaji aketi upepo ukitoka mgongoni. Leso iliyofungwa puani huzuia vumbi kubwa tu. Lile dogo hupenya. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba wala kuchanganywa na za watoto. Ziloweshwe kwanza, ndipo zifuliwe. Watoto wachanga wasilazwe machimboni, na hili nalisema nikijua kwamba pengine hakuna wa kuachiwa.

Kikohozi kikipita majuma mawili, mtu aende akapimwe makohozi. Katika hospitali za serikali kipimo na dawa za kifua kikuu havilipiwi. Na afikapo mbele ya mganga, aitaje kazi yake hata kama hakuulizwa, pamoja na idadi ya miaka.

Jirani yangu alirudi zahanati Jumatatu. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi: "Mpasua kokoto, miaka 9." Mganga alikisoma, akayafuta yale maneno ya kwanza kwa kalamu, akampa kikopo cha makohozi na barua ya kwenda kupigwa picha ya kifua. Majibu tunayangoja Ijumaa.