Gari limebadilishwa manifoldi? Soma kabla ya kupakia watoto

Kijana akitaka kuliongezea gari nguvu, kazi mojawapo gereji ni kubadilisha manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda. Ikikosekana inayofaa, hununuliwa ya injini nyingine, ikatobolewa, ikapakwa silikoni, na gari likawaka. Kuwaka si kupona.

Hata injini za jina moja hutofautiana. Toyota 4A-GE za mwanzo zilikuwa na matundu makubwa ya hewa, za baadaye madogo. Manifoldi ya moja haikai sawasawa kwenye nyingine bila kazi ya ziada.

Mzazi, angalia mambo matatu.

Kwanza, breki. Katika magari mengi ya petroli, busta inayolainisha breki hutumia mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi hiyo hiyo. Mpira wake usipopata pa kuchomekwa, au pakivuja, pedali huwa ngumu na gari huchelewa kusimama. Jipime hivi: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, endelea kukanyaga, kisha washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, gari lisitoke nyumbani hadi fundi alione.

Pili, moshi. Hewa ikipenya pembeni ya gasketi, injini hutetemeka. Baadhi ya mafundi huituliza kwa kuongeza petroli. Petroli ikizidi hewa, haiungui yote, na gesi ya kaboni monoksidi huongezeka kwenye moshi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Wengi hudhani ni mafua au malaria, ingawa homa hakuna. Watoto na wajawazito wako kwenye hatari kubwa zaidi. Kama watu kadhaa wanaumwa kichwa wakiwa garini na kupata nafuu wakishuka, zimeni gari, tokeni kwenye hewa safi na muwahi hospitali. Mwambieni daktari kuhusu gari. Injini isiungurumishwe ndani ya gereji ya nyumbani, hata mlango ukiwa wazi.

Tatu, harufu ya petroli. Manifoldi ngeni huweza kulazimisha mipira ya mafuta ikunjwe au kuvutwa. Mkisikia harufu, msiwashe gari. Petroli ikiangukia chuma cha moto sana inaweza kuwaka.

Usimkataze kijana kujifunza ufundi. Muulize tu fundi wake maswali mawili: mpira wa breki umechomekwa wapi, na uvujaji wa hewa umepimwaje? Asipokuwa na jibu la wazi, watoto wapande daladala wiki hii.