Kazi haijamharibu mwanao

Kijana kamaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, kapata kibarua supamaketi hapa Mwadui. Mwezi haujaisha, moyo umenasa kwa binti wa kaunta. Wazazi mnalalamika: kazi imemharibu! Si kweli. Someni Suratul Qasas, aya 23 hadi 28. Nabii Musa (a.s.) aliwanyweshea mifugo mabinti wawili kule Madyan, kisha akajitenga kivulini. Hakuomba namba. Baba yao ndiye aliyemwita, wakaafikiana ndoa kwa kazi ya miaka 8, au 10 akipenda.

Mzazi, ulimfundisha hayo, au ulisubiri mshahara tu? Nawe kijana, kama huwezi kusimama mbele ya baba yake, usisimame naye stoo. Subiri.

Wabillahi tawfiq.