Mtoto akililia bastola kubwa, asipewe

Katika simu za vijana wengi wa Kivu kunapita video za aina moja. Kijana mwembamba, kule Marekani, anapewa bastola kubwa inayong'aa. Anaishika kwa mkono mmoja, anatabasamu kwa kamera, anafyatua. Mlio mmoja tu, na bastola inaruka nyuma hadi kumpiga kwenye paji la uso. Walio pembeni wanacheka. Video inatumwa kwa ndugu, ndugu anaituma kwa rafiki, na jioni hiyo hiyo inatazamwa chini ya turubai na watoto ambao wanaijua sauti ya bunduki kuliko sauti ya kengele ya shule.

Wengi wanacheka na kupita, lakini kuna wanaotazama na kutamani. Familia nyingi za Kongo zimehamia Marekani kama wakimbizi, na huko vijana wao wanaingia katika nchi ambapo silaha zinauzwa dukani kama vifaa vingine. Mtu aliyekimbia risasi miaka mingi anaweza kujisemea: safari hii na mimi nitakuwa na yangu, tena ile kubwa kuliko zote. Wazo hilo linaeleweka. Lakini ni wazo baya.

Inafaa kwanza kujua silaha yenyewe. Hiyo bastola inaitwa rivolva. Risasi zake hukaa ndani ya silinda inayozunguka, yenye matundu matano au sita. Wamarekani wamekuwa wakishindana kuiongezea nguvu kwa muda mrefu. Mwaka 1935 ilitoka risasi ya .357 Magnum. Mwishoni mwa 1955 ikafuata .44 Magnum, ambayo ulimwengu mzima uliijua baada ya Clint Eastwood kuishika katika filamu ya Dirty Harry mwaka 1971. Baadaye ikaja .454 Casull, na mwaka 2003 kampuni ya Smith & Wesson ikatoa .500 Magnum. Upana wa risasi hiyo ya mwisho ni kama milimita 12,7. Wakaaji wa Mashariki mwa Kongo wanaijua namba hiyo kwa sababu ya rashasha kubwa zinazofungwa juu ya magari. Ganda la rashasha ni refu zaidi na lina baruti nyingi zaidi, kwa hiyo nguvu hazilingani. Hata hivyo kulinganisha kunasaidia. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hutoka na nguvu ya jouli 500 hivi. Ya .44 Magnum hufika 1.300 hivi. Ya AK-47, bunduki ambayo kila mtu hapa ameiona, ni karibu 2.000. Risasi kali za .500 huweza kupita 3.000. Yaani kitu kinachoshikwa kwa viganja vya mikono kinatoa nguvu kuliko AK, ambayo ina kitako cha kuegemeza begani.

Nguvu hiyo haiendi mbele peke yake. Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma, na hakuna ujanja wa kuifuta sheria hiyo. Wenye kuzoea silaha husema bunduki inapiga teke. Teke la .500 yenye risasi nzito ni zaidi ya mara mbili ya teke la .44 Magnum, ambayo yenyewe huumiza mkono wa mtu mzima. Ndiyo maana rivolva ya .500 yenye mtutu mrefu hutengenezwa kwa uzito wa kilo 2 hivi, na silinda yake ina risasi tano tu. Uzito huo umewekwa makusudi, kwa sababu chuma kizito hurudi polepole. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mtu anataka nguvu kubwa, tena anataka bastola nyepesi ya kubeba kiunoni. Ziko rivolva za .44 Magnum zisizofika gramu 800. Mfukoni ni raha, mkononi ni adhabu.

Wapo wanaozihitaji kweli, na haki ni kulisema hilo. Kule Alaska, mvuvi anayeingia msituni anaweza kukutana na dubu mkubwa wa kilo mia kadhaa. Yeye huchagua risasi nzito yenye kichwa kigumu, isiyopasuka haraka, ili ipenye misuli na mifupa. Mwindaji wa paa huchagua tofauti: kichwa laini kinachofunguka kikiingia mwilini, ili mnyama asiteseke. Kwa hiyo hata kwa wenye sababu, swali la kwanza si “ipi ina nguvu kuliko zote?” Swali ni “inakwenda kufanya kazi gani, na nyuma ya ninachokilenga kuna nani?” Familia inayoishi katika jengo la vyumba, na majirani upande huu na upande ule, ina jibu lake tayari. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mbao nyembamba na jasi. Risasi ya .44 Magnum inazipita, na upande wa pili amelala mtoto wa mtu.

Na hata kwa dubu, bunduki kubwa si jibu la pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, juu ya visa vya Alaska, ulionyesha kwamba dawa ya pilipili ya kupuliza ilimgeuza dubu wa kahawia katika visa zaidi ya tisa kwa kila kumi. Chupa hiyo haina teke. Mtu mwenye hofu na mikono inayotetemeka anaweza kuitumia.

Wale wanaojua kazi ya rivolva kubwa wanafanya nini? Kwanza, hawaanzi na risasi kali. Bastola ya .44 Magnum inakubali risasi ya .44 Special, iliyo pole zaidi. Ile ya .454 Casull inakubali .45 Colt. Mtu anajifunza na hizo, mia baada ya mia, hadi mkono uzoee. Pili, wanashika kwa mikono miwili, mpini ukiwa juu kabisa katikati ya kiganja, viwiko vikiwa vimelegea kidogo ili mikono ipande pamoja na bastola. Hawapigani na teke, wanalisindikiza. Tatu, wanachagua mpini wa mpira na mtutu mzito, na wengine huchagua mtutu wenye matundu juu ya mdomo wa kutolea moshi, ingawa matundu hayo huongeza kelele. Nne, hawasahau masikio na macho. Mlio wa rivolva hizi hupita desibeli 160, na sikio huweza kuharibika kwa mlio mmoja wa 140. Tano, hawapeleki kidole wala kiganja mbele ya silinda, kwa sababu pale silinda inapokutana na mtutu moto hutoka pembeni, na katika .500 moto huo unaweza kupasua kidole gumba.

La sita ndilo lingeokoa wale wa kwenye video: mwanafunzi wa mara ya kwanza hupewa risasi moja tu ndani ya silinda. Sababu ni hii. Bastola nzito ikiruka nyuma, mkono hukaza bila mwenyewe kutaka, na kidole huvuta tena. Risasi ya pili hutoka wakati mtutu umeshaelekea juu, au umeshaelekea kwenye kichwa cha mshikaji. Ikiwa tundu la pili ni tupu, inabaki aibu tu. Ikiwa limejaa, panakuwa msiba.

Si hadithi za kutishia watoto. Mwaka 2008, katika jimbo la Massachusetts, mtoto wa kiume wa miaka 8 alipewa bunduki ndogo ya Uzi katika maonyesho ya silaha. Ilimzidi mkono, ikageuka, naye akafa. Mwaka 2014, huko Arizona, msichana wa miaka 9 alipewa Uzi katika uwanja wa shabaha. Ilimpanda mkononi na kumuua mwalimu aliyesimama karibu yake. Uzi ile haikuwa rivolva, na risasi yake ni ile ndogo ya milimita 9. Lakini zilikuwa zinatoka mfululizo, teke juu ya teke, na mkono ulikuwa wa mtoto. Katika visa vyote viwili watu wazima walikuwepo, wamesimama, wanatazama. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Wazee wana methali: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake akikatwa atajifunza. Methali hiyo ni nzuri kwa wembe, kwa sababu wembe unamkata anayeushika. Bunduki haiko hivyo. Teke linamrudia mshikaji, lakini risasi inakwenda kwa mwingine: kwa mwalimu, kwa jirani nyuma ya ukuta, kwa mama aliye kwenye foleni ya maji. Anayejifunza si yule anayelipa.

Na hapa Kivu somo hilo halihitaji ndege kulifuata. Rivolva za .500 hazipo sokoni hapa, lakini watu wameona mara ngapi kijana aliyepewa bunduki jana akiifyatua leo, mtutu ukipanda juu, risasi zikipita juu ya paa na maturubai? Watu huita hizo risasi zilizopotea. Ukweli ni kwamba hazikupotea zenyewe. Zilitoka katika mkono usioweza kuzishika, na mkono huo ulipewa silaha na mtu mzima. Sheria ya Kongo ya mwaka 1985 juu ya silaha na risasi inataka ruhusa kwa raia anayemiliki bunduki. Sheria hiyo haijaweza kuzizuia, lakini mzazi anaweza kukataa mwanawe asisifiwe kwa kushika kitu kinachomzidi.

Atakayejibu kwamba mwenye bunduki kubwa anaogopwa, asikilizwe, kwa sababu amekimbia wenye bunduki na anajua anachosema. Lakini aulizwe pia: je, ataweza kuipiga mara ya pili pale anapolenga? Mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua, kwa kuogopa teke la silaha yake mwenyewe, hana ulinzi. Ana kelele tu. Mwenye bastola ndogo anayoimudu ni salama kuliko yeye, na asiye na bastola kabisa, aliyefunga mlango na kupiga simu kwa wenye kazi hiyo, mara nyingi ni salama kuliko wote wawili.

Kwa ndugu walio ng'ambo, ombi ni dogo. Kabla ya kununua, waende kwanza uwanja wa shabaha wenye mwalimu, wajaribu risasi pole, tena moja moja. Wakishanunua, waifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Na ile video ya kijana aliyepigwa na bastola yake, wakiipokea, waikate hapo. Watoto wa kambini wameshaona bunduki za kutosha. Wanahitaji watu wazima ambao, wakililiwa, wanajua kusema hapana.