Unene wa mtoto si kipimo tosha cha afya

KATIKA vijiji vya Meru na Embu, mtoto mchanga mwenye mashavu yaliyojaa humletea mamaye sifa. Hata hivyo, mizani haitofautishi mafuta na misuli, na misuli hudai lishe bora pamoja na nafasi ya kujongea.

Embu yenyewe ni shahidi. Katika utafiti ulioanza mwaka wa 1998, wanafunzi wa eneo la Kyeni walipewa githeri shuleni. Walioongezewa nyama walizidi wenzao kwa ukuaji wa misuli ya mikono na kwa uchangamfu uwanjani.

Kwa watoto wachanga, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka wa 2019 kwamba asiyetambaa bado alazwe kifudifudi, akiwa macho, kwa jumla ya dakika 30 kila siku, wala asifungwe mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo.

Lakini mama anayechuma majanichai tangu alfajiri atamwachia nani mwanawe? Kabla ya kumlaumu, serikali za kaunti zapaswa kujenga vituo vya kulelea watoto karibu na mashamba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.