Fyuzi Isiyokatika Si ya Kusifiwa

Msomaji mpendwa, ukimsikia mtu akijigamba kwamba fyuzi za nyumba yake hazikatiki, usimpongeze kabla hujalifungua sanduku lake la stima na kutazama ndani. Mimi nilijifunza hayo sikukuu ya Pasaka nilipomtembelea shangazi yangu.

Shangazi ni mjane. Anaishi viungani mwa mji wa Thika katika nyumba ya mawe ambayo marehemu mumewe aliijenga na kuitia stima mwaka wa 1981. Miaka yote hiyo stima ilikuwa ya taa, redio, pasi na baadaye runinga. Kisha mwanawe anayefanya kazi Nairobi akamletea zawadi ya shawa ya umeme, mama naye aoge maji moto kama watu wa mjini.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Kila asubuhi shawa ikiwashwa huku birika la umeme likichemsha maji ya chai, fyuzi ilikatika. Kijana mmoja wa jirani "anayejua stima" akaitwa, akamaliza kazi kwa dakika tano na kulipwa shilingi mia mbili.

"Tangu siku hiyo haijakatika tena," shangazi aliniambia kwa furaha. "Yule mtoto ana mkono mzuri."

Lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi, na pua yangu ilinusa kitu kama plastiki inayoungua. Nililigusa sanduku la fyuzi lililo juu ya mlango. Lilikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa punde.

Nilizima meinswichi, na siku ya pili tukamwita fundi mwenye leseni. Alipochomoa kishikio cha fyuzi chenye alama ya buluu, yaani cha ampea 15, tuliona mkono mzuri wa yule kijana. Mahali pa uzi mwembamba wa fyuzi palikuwa na kipande cha waya wa shaba, mnene kama njiti ya kiberiti.

Wengi wetu hudhani fyuzi ni kifaa cha kuleta stima, kwa hivyo ikikatika tunaona imetukosea. Kumbe kazi yake ni kukatika. Imefanywa kuwa dhaifu makusudi, ili mzigo ukizidi iungue yenyewe ndani ya sanduku, mahali ambapo haiwezi kudhuru mtu. Ukiinyima nafasi ya kuungua, utakaoungua ni waya ulio ukutani au juu ya dari, karibu na mbao.

Hesabu yake si ngumu. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta karibu ampea 23. Birika la wati 2,000 huongeza nyingine 8. Jumla ni ampea 31 kwenye mkondo wa ampea 15. Na joto la waya halipandi sawa na mzigo: mzigo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne.

Fundi alipanda darini na kushuka na kipande cha waya. Alipoukunja, ngozi yake ilivunjika na kumwagika kama maganda ya njugu.

Shangazi alikuwa ameweka akiba ya kupaka nyumba rangi kabla ya wageni wa ruracio ya binti yake kufika. "Mwanangu," alimwambia fundi, "nibadilishie sanduku tu. Hizo waya ziache, hakuna anayeziona."

Fundi alikataa kwa heshima. "Mama, nikikuwekea sanduku jipya lenye breka kubwa juu ya waya hizi, nitakuwa nimefanya kama yule kijana, ila kwa bei ghali."

Maneno hayo, msomaji, yashike. Kuna mafundi wengi ambao breka ikikata mara kwa mara huweka ya ampea 32 mahali pa 16, na mwenye nyumba akashukuru. Ukubwa wa breka hufuata unene wa waya, si hamu yetu ya kuwasha vitu vingi. Sanduku jipya haliponyi waya mzee.

Mwishowe rangi ilingoja. Nyaya zilizoharibika zilivutwa upya. Shawa ilipewa waya wake mnene, breka yake na swichi yake, isile tena sahani moja na birika. Taa zikawa na mkondo wao, soketi na wao. Ndani ya sanduku kuliwekwa pia swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Breka za kawaida hutazama mzigo na shoti, lakini umeme kidogo unaopita mwilini mwa mtu hazuoni. Hiyo swichi ndiyo inayouona.

Halafu fundi akaufuata waya wa athi hadi nje, akakuta umekatwa na haujafungwa kokote. Nondo yake ya shaba ilikuwa imeng'olewa zamani na wezi wa vyuma. Akapigilia nyingine.

Jioni hiyo hiyo shangazi alichomeka pasi yake na nyumba nzima ikawa giza. Alipiga kelele kwamba ameuziwa sanduku bovu. Fundi, akiwa bado anakusanya vyombo vyake, akamuuliza kama pasi ile huwa inamtekenya mkononi.

Shangazi alinyamaza kidogo. "Ni miezi mingi," akasema. "Nilidhani ni mikono yangu inazeeka."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Pasi ilitupwa, na sanduku halikukata tena usiku huo.

Basi leo ukimaliza chakula, pitisha mkono karibu na sanduku lako bila kulifungua. Likiwa na joto, likinusa, likilia kama nyuki, au taa zikififia kila shawa inapowashwa, zima meinswichi na uite fundi. Mwulize leseni yake ya EPRA, ile mamlaka inayosimamia kawi na petroli, na usione haya kuisoma. Akimaliza, azipime nyaya kwa mita yake na akuachie cheti cha kazi. Ukiwa mpangaji, mwambie mwenye nyumba mapema, kwani sanduku ni lake lakini watoto ni wako.

Tena, usimruhusu mtu yeyote avunje lakiri ya mita. Mita na waya unaotoka mlingotini ni mali ya kampuni ya umeme, na wafanyakazi wake tu ndio wa kuvigusa. Mzigo wako wewe unaanzia baada ya mita.

Wageni wa ruracio walikuja, wakala, wakaoga maji moto. Kuta zilikuwa za rangi ile ile ya zamani, na hakuna aliyeuliza.

Hadi Jumapili ijayo, kaa salama.