Kitui yaijua Manchester, je, yajijua?

Si ajabu siku hizi kumkuta mwanafunzi wa shule ya upili huko Mwingi, Mutomo au Kibwezi akikusimulia, bila kukwama, jinsi Manchester United ilivyotwaa mataji matatu makuu katika msimu wa 1998-99. Atakuambia kwamba Sheringham na Solskjær walifunga katika dakika za nyongeza mjini Barcelona tarehe 26 Mei 1999, na kwamba Alex Ferguson alistaafu mwaka wa 2013 baada ya kuishindia klabu hiyo mataji 13 ya Ligi Kuu. Fainali hiyo ilichezwa kabla yeye hajazaliwa. Mwulize mwanafunzi huyo huyo ni nani aliyeanzisha timu ya kijiji chake, au kombe lililomo katika kabati la mwalimu mkuu lilinyakuliwa mwaka gani na dhidi ya nani, naye atakutazama kana kwamba umemtaka ahesabu nyota.

Wako walimu ambao wakiyasikia hayo hutikisa vichwa na kulalamika kwamba vijana wetu wametekwa akili. Mtoto wa Mkamba, wanauliza, ana haja gani na mambo ya Waingereza? Mimi siko upande wao. Kumkaripia kijana kwa kukumbuka tarehe, majina na mahali ni kumkaripia kwa kufanya lile lile ambalo mwalimu wa historia amekuwa akimsihi alifanye. Kasoro iko kwingine. Kijana ameipokea historia ya klabu hiyo kama hekaya ya mashujaa, na hakuna aliyemwuliza imehifadhiwa vipi hata ikavuka bahari na kumfikia yeye.

Hebu tuitazame historia yenyewe. Klabu hiyo haikuanzishwa na wafalme wala matajiri. Mwaka wa 1878, wafanyakazi wa karakana ya mabehewa ya kampuni ya reli ya Lancashire and Yorkshire, katika mtaa wa Newton Heath, waliunda timu ya kuwachangamsha baada ya kazi. Waliiita kwa jina la mtaa wao, wakavaa kijani na rangi ya dhahabu. Kufikia 1902 madeni yalikuwa yameifikisha ukingoni, hadi mwenye kiwanda cha pombe, John Henry Davies, alipoiokoa, na jina jipya la Manchester United likazaliwa. Uwanja wa Old Trafford ulifunguliwa mwaka wa 1910, ukabomolewa na makombora ya Wajerumani mwezi wa Machi 1941, na kwa miaka kadhaa timu ikawa mgeni katika uwanja wa mahasimu wao, Manchester City, hadi 1949. Kisha ikaja ile siku ya tarehe 6 Februari 1958, ndege ilipoanguka Munich na watu 23 wakafa, wanane kati yao wakiwa wachezaji. Miaka kumi baadaye Matt Busby na Bobby Charlton, walionusurika ajali hiyo, walilinyanyua Kombe la Ulaya.

Yote haya yanajulikana kwa sababu watu waliyaandika na kuyatunza. Ukutani Old Trafford ipo saa yenye tarehe ya mkasa wa Munich. Iko makavazi ndani ya uwanja. Hata aibu hazikufichwa: madeni ya 1902 yameandikwa, na kuteremshwa daraja mwaka wa 1974 kumeandikwa. Tena kumbukumbu hizo si pambo tu. Ukoo wa Glazer kutoka Marekani ulipoinunua klabu mwaka wa 2005 na kuitwika madeni, mashabiki walitafuta namna ya kulalamika, na mwaka wa 2010 maelfu yao wakajaa uwanjani wakiwa wamevaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za wale mafundi wa reli. Asiyejua habari za Newton Heath asingeielewa lugha hiyo ya rangi.

Na hapa ndipo ninapowageukia walimu wa Makueni. Reli mnayo. Ile Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899 ilipita katikati ya nchi yenu: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Makindu palikaa wafanyakazi wa reli, na wale wa dini ya Kalasinga waliacha hekalu lililojengwa mwaka wa 1926, ambamo msafiri hukaribishwa chakula bila malipo mpaka leo. Jamii hiyo ilijua kutunza kumbukumbu yake. Je, wafanyakazi wengine wa stesheni hizo, Wakamba, Waluo, Wataita, walifanya nini jioni zao? Walicheza na nani? Uwanja ulikuwa wapi, na mpira ulitoka kwa nani?

Maswali haya si ya upuuzi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu kandanda ililetwa na misheni, shule, reli na jeshi, na kufikia 1926 Kenya na Uganda zilikuwa tayari zikishindania Kombe la Gossage. Misheni nazo ziliingia Makueni mapema: Waskoti walikuwa Kibwezi tangu 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka wa 1898, na Africa Inland Mission ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka wa 1895. Kitui haikupitiwa na reli, kwa hiyo huko njia ya utafiti itakuwa nyingine: shule kongwe, masoko, na familia za askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Wakamba walijiunga nalo kwa wingi.

Vitabu vyetu vya historia vinamkumbuka Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyemwongoza Krapf mwaka wa 1849. Vinamkumbuka Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka wa 1938 kupinga kuuzwa kwa mifugo yao. Ni haki. Lakini mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba historia ni ya machifu, misafara na maandamano, na kwamba mchezo wa babake si historia. Watu wa Manchester hawakuamini hivyo.

Hata vilabu vyetu vya taifa tunavikumbuka kwa vipande. Ni wanafunzi wangapi wanaojua kwamba Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987 kwa faida ya mabao ya ugenini, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunisia? Au kwamba AFC Leopards iliitwa Abaluhya kabla ya amri ya kuondoa majina ya kikabila? Sauti ya Leonard Mambo Mbotela, iliyowafanya watu wasio na tiketi wauone mpira kwa masikio, ilizimika mwezi wa Februari 2025. Nashuku kwamba wengi wa wale waliozaliwa baada ya 2000 hawajapata kuisikia ikitangaza mechi.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Ujuzi huu wa vijana kuhusu soka ya Uingereza usipopewa kazi darasani, utapewa kazi na kamari. Anayejua nani ameumia goti na nani anarejea kikosini ndiye windo la kwanza la kampuni za kubahatisha, kwa kuwa amesadiki kwamba kujua ni sawa na kushinda. Karo imepotelea huko, na walimu wanajua ni wangapi.

Sidai makavazi ya mamilioni. Nadai daftari. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi achunguze mazingira yake, na hakuna uchunguzi atakaoufanya kwa hiari zaidi ya huu. Mwalimu wa historia aanze na Newton Heath, somo moja tu, kisha awatume wanafunzi wake vijijini. Mwalimu wa Kiswahili aipokee kazi hiyo kama insha. Kabati la mwalimu mkuu lifunguliwe, makombe yapanguswe vumbi, na maandishi yake yanakiliwe kabla hayajafutika. Wasiwasahau akina mama, kwa maana wao huwakumbuka hata wale waliovunjika miguu. Wayaandike pia yasiyopendeza: mechi zilizoishia kwa ngumi, pesa za kiingilio zilizopotea, refa aliyekimbilia shambani. Na wawe waangalifu, maana wazee nao ni mashabiki. Bao lililofungwa kutoka hatua kumi huenda, kwa kadiri miaka inavyopita, likafika hatua arubaini. Habari moja iulizwe kwa watu wawili, tena waliochezea timu pinzani.

Wakati haupo wa kupoteza. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992, hivyo wale wachezaji wa zamani waliovaa jezi ya wilaya hiyo moja wametawanyika leo katika kaunti mbili. Kijana aliyekuwa na miaka 20 bendera ilipopandishwa mwaka wa 1963 amekwisha kupita 80. Likizo ya Aprili inatosha kuwatembelea watatu au wanne kama yeye, na wengi wao hawahitaji kuombwa mara mbili.